Ndugu wa Sindano

Babu yake Florian, mzee Augustino, alikuwa na ndugu ambaye hawakuzaliwa pamoja. Yeye alikaa juu Umatengo, kwenye ngoro zake, yale mashimo ya kilimo cha mlimani, alikopanda maharage. Ndugu yake alikaa chini ziwani, kwa Wanyasa. Ujanani walichanjana vifuani, wakapakana damu, basi. Tangu hapo samaki wakavu walipanda mlima na maharage yakateremka, wala hakuna aliyepima. Mchuuzi wa leo angeuliza faida iko wapi.

Florian alilelewa na babu huyo, akajua masharti. Ndugu wa damu hawaamkiani shikamoo, hata mmoja awe mzee kwa mwenzake. Anayebaki hai ndiye anayeshuka kaburini kumpokea aliyetangulia. Na lililopita kati ya damu mbili halisimuliwi kwa mtu wa tatu. Hilo la mwisho mzee alilisisitiza kuliko yote.

Mwaka 1994 Florian alikuwa mwanafunzi wa utabibu katika hospitali ndogo ya misheni, upande wa Liuli. Ushirika wa kahawa ulikuwa umeshayumba, kila kitu kimekuwa cha dukani, na mgonjwa alitakiwa aje na glovu zake mwenyewe, kana kwamba kuugua ni safari ya kufungasha mizigo.

Kitanda cha dirishani alilala Aidan, mchongaji mitumbwi, amebaki mifupa na macho. Wodi nzima ilidhani inajua ugonjwa wake, na hakuna aliyempima. Jozi ya glovu aliyoleta dada yake, Katarina, iliishia kwenye kidonda asubuhi. Adhuhuri Florian akaja kumtoa damu ya kupima malaria kwa mikono mitupu. Nje, juu ya ziwa, ulisimama ule moshi usio na moto, inzi wadogo wasiohesabika wakipanda kutoka majini.

Damu ilitoka vizuri. Kosa lilikuja baadaye, lile ambalo Sista Beata, muuguzi mkuu, alilipigia kelele kila siku: Florian alishika sindano mkono mmoja na kifuniko mkono wa pili, akataka kuirudishia. Aidan akakohoa, kitanda kikatikisika. Sindano ikazama kwenye kidole gumba.

"Umeumia," Aidan alisema.

"Si kitu, baba."

"Usiniite baba." Alikuwa akitabasamu, na tabasamu lile lilikuwa kubwa kuliko uso wenyewe. "Sisi tulitumia wembe. Ninyi mna sindano. Ni yale yale."

"Hii ni ajali tu, baba."

"Wewe Mmatengo gani usiyemjua ndugu? Hukulelewa na babu?" Akacheka mpaka akakohoa tena. "Kesho usiniamkie. Na usimwambie mtu. Nikikuhitaji nitakuita kwa hicho hicho kidole."

Florian alikimbilia bombani. Aliosha kwa sabuni, maji yakitiririka, bila kukamua, kama alivyofundishwa. Sista alikuwa na maneno yake: "Ukichomwa, osha, halafu njoo kwangu kabla mkono haujakauka." Alifika mpaka mlangoni kwake, maji yakimdondoka, akainua mkono abishe. Mgongoni alihisi dirisha la wodi. Aligeuka. Aidan alikuwa ameketi, mtu ambaye kwa wiki mbili hakuweza kuketi, akimtazama. Florian akaufutia mkono kwenye koti, akaondoka.

Kesho yake alipita kitandani akajikuta ameinama bila kusema shikamoo. Aidan akafumba macho, ameridhika.

Baada ya wiki Katarina alimchukua kaka yake nyumbani. Florian aliomba ruhusa aende Songea kufuatilia cheti chake cha shule. Basi likaharibika Kitai. Abiria walikuwa wakinunua ndizi kando ya barabara, jua la utosi, na kidole gumba kikapoa. Hakikufa ganzi. Kilikuwa cha baridi na kimelowa, kama kimechovywa ziwani, wakati vingine vinne vinatoka jasho. Alikisugua kwenye suruali, kikalowa tena.

"Unarudi wapi tena, bwana?" kondakta alimpigia kelele. "Tunamalizia kufunga springi!"

Alikuwa ameshadandia lori la mbolea linaloelekea Mbinga.

Alifika ufukweni siku ya pili. Katarina alimkuta njiani, khanga imefungwa kiunoni.

"Umekuja, kaka," alisema, kama mtu aliyeambiwa mapema. "Amekwenda jana, jua la utosi. Alisema tusimfukie mpaka ufike."

Walipita kando ya mtumbwi ambao Aidan hakuumaliza. Chini yake palikuwa na mabanzi mabichi, meupe, yananukia mti. Florian alitaka kuuliza nani anachonga, akaacha.

Shuka la maiti lilikuwa limelowa upande mmoja. Florian alivua viatu ili ashuke kaburini. Katarina akamshika mkono, akamnyooshea mifuko miwili ya plastiki.

"Vaa kwanza. Sista Beata alinifundisha. Nimemuuguza kwa mifuko hii, miezi minne. Wewe msomi hakukufundisha?"

"Haina maana," Florian alinong'ona. "Damu yake ninayo tayari."

Katarina alikitazama kile kidole. Alielewa yote mara moja, maana na yeye alilelewa na wazee. "Na Sista umemwambia?"

"Halisimuliwi."

"Mpumbavu wee!" alisema, waombolezaji wakageuka. "Siri hiyo ni ya wanaume wawili wazima walioketi wakakubaliana. Wewe ulikubali lini? Mpokee, umwage udongo wa kwanza, kisha mimi na wewe tunakwenda kwa Sista."

Alishuka. Maiti ilikuwa nyepesi kama mtoto, na ilipomlalia mikononi kidole kilimuuma sana, mara moja.

Sista Beata alisikiliza amesimama. "Ungekuja saa ile ile," alisema, "ningempima yeye. Jioni ungejua. Sasa jibu umelizika pamoja naye." Alivaa glovu mbili, akamtoa damu. "Miezi mitatu tunarudia. Halafu sita. Hapo katikati hutamjua mwanamke, hutatoa damu. Na utaomba."

Miezi sita Florian aliishi kwa kidole kile. Kila adhuhuri, moshi wa ziwa ukisimama, kilipoa, na kutoka upande wa kwa Katarina alisikia tezo la kuchongea likigonga mti, ko, ko, polepole. Alimuuliza mwenzake mmoja kama anasikia. Hakusikia.

Jibu la mwisho, la kuthibitisha, lilitoka Songea kwenye bahasha. Sista alisoma, akavua miwani. "Huna," alisema. "Umesikia? Huna kitu."

Florian alikaa chini. Alikuwa ameisubiri furaha, nayo ilikuja, lakini ilikuja kama mkono uliokushika gizani unapokuachia. Kidole kilikuwa na joto, sawa na vingine.

Ilikuwa adhuhuri. Alitembea kwenda kumwambia Katarina, na njia nzima hakusikia tezo. Chini ya mtumbwi mabanzi yalikuwa yamekauka, yamegeuka kijivu. Alisimama pale, akasema kwa sauti, kwa mtu asiyekuwepo, "Shikamoo, baba."

Hakuna aliyeitikia.