Kinasa Sauti Namba Saba

Kwenye dawati la kuazimisha vifaa, katika maktaba ya chuo kikuu, wanafunzi walimwita mhudumu wake Mama Chaja. Kompyuta, kamera, projekta, vinasa sauti, vyote vilipita mikononi mwake, na ole wako urudishe kifaa bila waya wake. "Mwanangu, waya umeula?" angekuuliza mbele ya foleni nzima, nawe ungetamani ardhi ipasuke uingie.

Sheria ya dawati ilikuwa moja: kifaa kikirudi, futa kila kilichomo kabla hakijaenda kwa mwingine. Wenzake walichungulia kwanza, wakacheka picha za watu. Yeye katu. Miaka kumi na tisa alifuta bila kutazama wala kusikiliza, na tuseme ukweli, alijivunia hilo kupita kiasi.

Mumewe alikuwa seremala wa maktaba hiyohiyo, mtengenezaji wa makabati ya vioo ya maonyesho. Mwaka ule koo lilimsumbua mpaka madaktari wakasema uvimbe lazima ukatwe, na sauti itakwenda nao. Akapasuliwa Jumatatu. Alipona, Mungu ashukuriwe, ila sauti ndiyo ikawa imekwenda. Nyumbani akawa anazungumza kwa daftari na penseli yake ya kupimia mbao.

Wiki ya tatu, dada mmoja wa kitengo cha maonyesho, aliyezoea kumwita mumewe kaka, alipita dawatini.

"Wifi, ulilia sana ulipoisikiliza?"

"Kusikiliza nini?"

"Si ile zawadi yake! Ijumaa kabla ya upasuaji, kaka alijifungia chumba cha maonyesho na kinasa sauti. Alisema akimaliza atakitia kwenye sanduku la vilivyorudishwa, ukute sauti yake."

Alifungua orodha ya walioazima. Namba saba, jina la mumewe, kimerudi Ijumaa saa kumi. Kwenye safu ya aliyekifuta palikuwa na jina lake mwenyewe. Mtu ameishi na mke miaka ishirini na miwili, na bado alidhani atasikiliza kwanza kama watu wengine.

Alikichukua kinasa, akakimbilia kwa mtaalamu wa kompyuta. Yule bwana alihangaika nacho saa nzima.

"Mama, watu watano wamesharekodi juu yake. Sitaki kukudanganya, hakuna kitu."

Sasa ndipo alipoelewa kwa nini kila jioni, akitoka kazini, mumewe alikuwa akimtazama usoni na kungoja. Njia nzima alijifunza uongo: nimeisikia, asante, nimefurahi. Maneno matatu, na mwanamume wa watu angelala kwa amani. Alipofika mlangoni na kuyaona yale macho, uongo wote ukamkauka mdomoni.

"Baba, nilifuta," alisema, hata mkoba hajautua. "Sikusikiliza. Nisamehe."

Mumewe alifungua mdomo amwambie upya, kwa kusahau. Ikatoka pumzi tu, na wote wawili wakaisikia.

Hapo Mama Chaja alilia kama hajawahi kulia hata hospitali. Alivuta daftari, akamsogezea.

"Niandikie basi ulichosema. Hata kama ni kirefu, nitasoma."

Mumewe alishika penseli. Kisha akaandika mstari mmoja, akaligeuza daftari upande wake.

"Hakikuwa cha kuandika. Nilikuwa naliita jina lako tu."