Fyuzi Niliyoshuka Nayo Mlimani

Jumamosi ile kule Mbaga, mwanangu, tulikuwa wanne, na wote nawakumbuka vizuri. Alikuwepo Fundi Elieza, aliyekuwa akinifundisha kazi ya umeme. Alikuwepo Mama Namkunda, mwenye nyumba tuliyokuwa tukiitia umeme, ambaye binti yake alikuwa anapata kipaimara kesho yake. Alikuwepo kaka yake, Eliamini, mtu mwema sana ila hakubali kwamba kuna jambo asilolijua. Na mimi, binti wa miaka kumi na tisa niliyeacha shule kidato cha pili wazazi walipofariki, kwa sababu nyuma yangu kulikuwa na wadogo watatu.

Fundi alinichukua kwa majaribio ya miezi mitatu, na Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya kuniambia kama nabaki. Akinikataa, ningerudi kuuza vitunguu kituo cha mabasi Same, na nilishajua kwamba vitunguu havitulishi watu wanne.

Alikuwa na sheria moja asiyoipunguza. Anayepanda darini ndiye anayeng'oa fyuzi kwenye swichi kuu, na anaitia mfukoni mwake mwenyewe. Haiweki mezani, hampi mtu amshikie. Hapo hakuna atakayewasha umeme wakati wewe umeshika waya. Basi niling'oa, nikatia mfukoni, nikapanda.

Mchana Fundi alitangulia kushuka Same. Akaniachia nifunge soketi ya mwisho, nirudishe fyuzi na kujaribu taa. Mara gari la Same likapiga honi barabarani. Nikafunga soketi, nikabeba vifaa, nikaaga, nikakimbia.

Hatujamaliza hata kona za mlima, kondakta akadai nauli. Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa fyuzi.

Nilishuka nikaanza kupanda kwa miguu. Nilipofika nikihema, Eliamini alikuwa juu ya kiti mbele ya swichi kuu, ana msumari wa inchi nne mkononi, anamweleza dada yake kwamba fyuzi ni chuma tu na chuma chochote kinafaa. Fyuzi hukatika umeme ukizidi; msumari huacha nyumba iungue.

Nilimwambia kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo, "Mjomba, shuka kwenye kiti."

Akashuka. Baadaye alidai alikuwa anapima tu urefu.

Nikairudisha fyuzi. Taa zilipowaka, Mama Namkunda alicheka mpaka akakaa chini. Akanifungia ndizi za kuwapikia wadogo zangu, kisha akaninong'oneza, "Haya yameishia hapa. Fundi hatasikia kwangu." Eliamini akanishusha hadi Same kwa pikipiki yake, njia nzima akinieleza jinsi umeme unavyofanya kazi.

Nilikuwa nimeokoka, unaona. Lakini Jumapili nzima nilijisikia kama fyuzi ile bado iko mfukoni. Jumatatu asubuhi nilimwamkia Fundi shikamoo, na kabla hajamaliza marahaba yake nikamwaga yote, pamoja na msumari.

Alikoroga chai yake. Halafu akasema, "Anayesahau kurudisha fyuzi, namfundisha. Anayesahau kuitoa, namzika. Vaa ovaroli, twende."

Sasa wewe umeniuliza kama mtu aliyeishia njiani shuleni anaweza kuwa fundi umeme. Anaweza, mwanangu. Mimi hesabu za waya nilijifunzia kazini, na mtihani wa ufundi niliufanya mtu mzima, nikiwa mkubwa kuliko msimamizi. Mikono itajifunza tu. Ila usikimbilie honi ya gari kabla hujajaribu taa. Na ukikosea, kosa lako litoke kinywani mwako kwanza, hata kama waliokuona wamekuahidi kunyamaza. Fundi anaweza kukufundisha pale tu anapojua ulipokosea.

Mungu ailinde mikono yako, kila nyumba utakayoingia uiache ina mwanga, na wewe urudi kwenu salama kila jioni.

Nilipohitimu, nilimuuliza Fundi nimpe nini. Akasema nifundishe watu watatu, mmoja kwa kila mdogo niliyemlisha kwa kazi aliyonifundisha. Nimefundisha wawili. Mzee bado ana nguvu, na kila tukitoka kanisani hunishika mkono na kuuliza wa tatu yuko wapi. Njoo Jumatatu, uvae viatu vya raba.