Mama Juu ya Buti, Kivukoni Kamanga

Leo mama yangu amepanda kivuko akiwa amekaa juu ya buti la gari. Kwenye mvua. Na kitenge chake cha kanisani.

Kosa ni langu, jamani.

Ile gari ya spoti nyekundu ya marehemu baba, aliyoinunua miaka ya tisini magari ya mtumba kutoka Japani yalipoanza kumiminika, niliivua tairi zake za mifereji yenye kina nikaivalisha pana, nyororo. Kwenye lami kavu inapaa!

Leo Kamanga, mlango wa chuma wa kivuko umelowa chapachapa. Nakanyaga mafuta, tairi za nyuma zinazunguka tu, gari linateleza kurudi chini. Abiria wameshapanda kwa miguu, wananicheka.

Mama, aliyekuwa ameshapanda nao, akashuka akanirudia. "Gari lilikuja na tairi nyororo kama hizi, kabla baba yako hajaweka zile za mifereji. Alikuwa ananikalisha juu ya buti, zipate uzito."

Akapanda juu ya buti!

"Shikamoo mama, utaanguka!" baharia akapiga kelele.

"Marahaba. Mwanangu, twende polepole."

Tairi zikashika. Tukaingia. Vigelegele!

"Mama, tumeshapanda. Shuka."

Hakushuka. Alikuwa anapangusa buti kwa ncha ya kitenge.

"Baba yako alikuwa anakuja kunishusha."

Nikazima gari, nikaenda kumnyanyua. Hivi mama amekuwa mwepesi hivi tangu lini?

Nikamwambia kesho narudisha tairi za mzee.

Akalipapasa buti. "Haraka ya nini? Mvua bado zipo."

Jamani, nizibadilishe au niziache?