Konzi ya Kahawa Mbichi

Wiki iliyopita niliteremka kwa mama, kule chini ya Kanyakine, nikiwa na sanduku la bati kichwani. Watu wa njiani walidhani nimetoka kuchukua mtoto shuleni, na sikuwaeleza. Kwa geti nikasimama kidogo, kwa sababu macho yangu mpaka leo hutafuta kahawa mahali haiko. Siku hizi ni avokado na makadamia mpaka mtoni. Ukipita utasema ni shamba zuri, na ni zuri kweli. Lakini mimi bado naona ile mistari ya mikahawa, na mama katikati, rinda lake limegeuka bluu kwa dawa ya kunyunyizia.

Kama ulilelewa na kahawa, unajua Novemba ilikuwa namna gani. Uji wa wimbi asubuhi na nduma baridi ya jana, halafu debe kiunoni, na umande unakulowesha mpaka kwapani. Tulikuwa watatu: mama, mimi, na dada yangu mdogo. Baba alikuwa ameenda kazi ya bwawa Kiambere, kazi ikaisha, yeye hakurudi.

Saa tisa tulikuwa tunamwaga kila kitu juu ya gunia lililotandazwa uwanjani, tunaketi tukilizunguka, tunachagua. Nyekundu upande huu. Mbichi, zilizooza na zile nyeusi za ugonjwa upande ule. Karani wa mizani kule faktori ya kahawa akiona mbichi kwa debe lako alikuwa anakurudisha mbele ya watu wote, na mama hakutaka hiyo aibu. Tukikaribia kumaliza, dada alikuwa anatumwa mbele na debe tupu akatushikie laini, nafasi ya kupimiwa, kule faktori, kwa sababu alikuwa na mbio. Ukifika na mzigo unamkuta ameketi juu ya lile debe, mdomo unanata utamu wa kahawa aliyofyonza, anakupungia mkono kama mtu mwenye faktori. Nyuma yake mashine inanguruma, na harufu ya maganda yaliyochacha imejaa bonde lote.

Mama hakujua kusoma. Jumapili moja kanisani ilisomwa pale Paulo anasema tuteke kila fikira, imtii Kristo. Watu wengi waliisikia ikapita. Mama alienda nayo nyumbani. Kesho yake, tukiwa kwa gunia, akashika kahawa mbichi moja akatuonyesha.

“Fikira mbaya inaingia yenyewe,” akasema, “vile hii imeingia kwa debe mkono ukienda haraka. Hiyo si dhambi. Dhambi ni kuiona, halafu uipeleke kwa mizani.”

Kuanzia hapo, kila siku ya kuchagua, alikuwa anatuuliza mmoja mmoja: leo uko na mbichi? Na unaisema, hivyo tu, mikono ikiendelea na kazi, kisha unaokota mbichi moja na kuitupa upande ule. Hakuna kuchapwa wala kuhubiriwa. Siku moja dada alisema ametamani mwalimu wa hesabu avunjike mguu. Mama akamuuliza mguu upi. Dada akafikiria, akasema wa kushoto, kwa sababu wa kulia anapigia breki ya baiskeli. Tulicheka mpaka mama akafuta macho na rinda. Yeye pia alisema zake. Karibu kila wiki ilikuwa ile ile, ya baba, na kila wiki aliitupa kama ni mpya.

Mimi nilikuwa nimerudia darasa la saba kwa sababu ya ugonjwa, kwa hivyo mtihani wa la nane tulifanya pamoja na dada. Tulipita wote wawili. Yeye alinipita kidogo. Na huo ndio mwaka mvua ilizidi, kahawa ikageuka nyeusi ikiwa bado kwa matawi. Mama alituita jikoni, akaongea akiangalia moto. Akasema karo inatosha mmoja: mdogo ataenda sekondari ya bweni, mkubwa angoje mwaka mmoja.

Nilisema sawa, mama. Nilisema vizuri kabisa, kama mtoto aliyelelewa kanisani.

Jioni hiyo tulichagua kahawa ya mwisho mwisho, debe moja na nusu. Mama akamuuliza dada, dada akasema anaogopa kulala mahali hajui mtu. Akatupa yake. Kisha mama akanigeukia.

“Mkubwa, leo uko na mbichi?”

“Sina.”

Baadaye mama akaanza kutusimulia Kaini, polepole, kama hakuna mtu anayemlenga. Akasema wengi wanakumbuka tu vile alimuua ndugu yake, wanasahau kwamba Mungu alimuuliza kwanza, kabla hajafanya lolote. Alimuuliza kwa nini uso wake umekunjamana. “Angejibu tu,” mama akasema. “Hata angejibu vibaya.” Mimi nikainama nikaendelea kuchagua.

Siku ya kufunga safari nilipewa kazi ya kupanga sanduku. Blauzi mbili, sabuni, sukari, mafuta ya kujipaka. Halafu nikatoka, nikaingia kwa mikahawa, nikachuma konzi moja ya mbichi, ngumu kama mawe. Nikazifunga kwa kitambaa changu, nikazificha kwa kona chini ya blauzi. Sikuandika barua. Kwetu haikuhitaji barua. Dada angefungua sanduku mbele ya wasichana asiowajua, na angeelewa ninamfikiria nini.

Nilimsindikiza mpaka barabarani nikiwa nimembebea hilo sanduku. Alinikumbatia, mimi nikasimama kama nguzo. Akaniambia sikioni, “Dada, nitakushikia laini. Mwaka ujao utanikuta hapo mbele.”

Ningeweza kusema ngoja kidogo, nifungue sanduku, nimesahau kitu. Gari lilikuwa bado linapakia magunia. Nilikuwa na nafasi.

Muhula ulipoisha alirudi, mrefu kidogo, mkimya. Ilikuwa Aprili, kahawa ya msimu mdogo imeiva, tukaketi kwa gunia kama zamani. Mama akamuuliza. Dada akaniangalia mimi, si mama, akasema, “Sina.” Mama alijaribu tena siku mbili tatu. Baadaye akaacha kuuliza, tukawa tunachagua kimya kama watu wa kibarua.

Ule mwaka wangu haukufika. Niliolewa, nikazaa. Dada akawa mwalimu huko Embu. Nilipoanza masomo ya jioni nikiwa na watoto watatu, yeye ndiye alininunulia vitabu na kalamu, na kila akija alikuwa anasahihisha kazi yangu kwa wino mwekundu, ananitania kwamba mwandiko wangu umekimbizwa na ng'ombe. Krismasi moja nilijaribu. Nikamwambia kuna kitu niliweka kwa sanduku lako zamani. Akanimiminia chai. “Kunywa, dada,” akasema, “itapoa.” Na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi kukatizwa.

Tulimzika mwezi uliopita. Mume wake ndiye alinipa hilo sanduku, akasema dada alipokuwa hospitali aliagiza nipewe mimi. Ndani kulikuwa na ripoti zake za shule, na kwa kona ile ile, kile kitambaa changu. Zote zilikuwemo, zimekauka. Hakukuwa na barua. Nimeomba, nimefunga, na bado sijui kama alizitunza kwa uchungu au kwa upendo. Aliyejua hayuko.

Hiyo ndiyo sababu nilienda kwa mama. Siku hizi akili yake inaenda na kurudi. Nilimkuta kwa kiti chake juani. Nikatafuta gunia, nikalitandaza miguuni pake, nikamwaga zile kahawa, nikaketi chini kama zamani.

“Mama,” nikasema, “niko na mbichi.”

Nikamwambia yote. Vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kuchagua, vyenyewe. Alizigeuza moja moja, akazitikisa kwa kiganja, akazirudisha pamoja.

“Hii ni mbuni sasa, kahawa iliyokauka na ganda lake,” akasema. “Hata zilizokuwa nyekundu zikikauka huwa hivi. Haichaguliwi tena. Inapelekwa vile iko.”

Mimi huwauliza watoto wangu swali lile lile tukichagua maharagwe, na wananijibu wakicheka. Lakini faktori imefungwa, mizani imeng'olewa, na ule mlio wa mashine bondeni hakuna atakayeusikia tena.

Mama aliangalia upande wa gunia ambao dada alikuwa anaketi, pakiwa wazi.

“Na mdogo ako wapi?” akauliza.

Nikamwambia ametangulia, ameenda kutushikia laini.