Bi Usafi na Tangi la Wifi Yake

Aliyeingia kituo kile cha kufugia samaki walio hatarini kutoweka hakuhitaji kuonyeshwa matangi ya Bi Usafi. Vioo vyake viling'aa kuliko vya dirishani. Jina hilo walimpa wenzake kwa utani, naye akalipenda. Aliwalea samaki wadogo wa buluu ambao ziwa lao lilichafuka mpaka wakaadimika. Jike wa samaki hao huatamia mayai kinywani, wala hali kitu mpaka vifaranga watoke. Majike wa Bi Usafi walikuwa wakiyabeba, kisha wanayameza. Miaka nenda miaka rudi, hajapata kifaranga hata mmoja.

Hilo alilivumilia. Kilichomshinda ni wifi yake, mke wa kaka yake, ambaye yeye mwenyewe alimwombea kazi pale. Wifi alikuwa mzito wa mkono. Kwake vyombo vililala kwenye sinki, na tangi alilopewa liliota mwani hadi samaki wakawa hawaonekani vizuri. Basi humo humo kwenye uchafu, jike mmoja akatema vifaranga wazima.

Mkuu wa kituo aliwaita wote waje waone. Bi Usafi akapiga makofi na wenzake huku wivu ukimla. Kaka yake naye akawa hana hadithi nyingine, kila mgeni lazima asikie habari za mkewe. Bi Usafi akajifariji kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, akasubiri wifi aharibu. Wapi! Jike wa pili akabeba mayai.

Mara wifi akaomba ruhusa akamuuguze mama yake, na tangi likakabidhiwa Bi Usafi.

"Wifi, nakuomba kitu kimoja tu," mke wa kaka yake alimwambia akiwa mlangoni. "Usilisugue."

"Kwa hiyo nikae tu nikilitazama?"

"Walishe wale wengine, uondoke."

Maneno yale yalimwingia kama pilipili kwenye kidonda. Leo hii yeye ndiye wa kufundishwa kazi?

Kesho yake alisimama mbele ya kioo kile, sponji mkononi. Jike alikuwa nyuma ya jiwe, mashavu yamevimba. Akisugua kama ilivyo desturi yake, nani atamlaumu? Mayai yakimezwa, sifa za wifi zitakwisha. Akatumbukiza mkono. Jike akarudi nyuma, mashavu yakaanza kucheza. Bi Usafi aliyajua mashavu yale. Ndivyo yalivyocheza kwenye matangi yake kila asubuhi, mkono wake ukiwa majini.

Akautoa polepole, akaenda kukaa mbali, roho ikimuuma vilevile.

Vifaranga walitoka salama, na mkuu akampigia wifi simu kumpongeza. Wifi aliporudi, Bi Usafi hakuzungusha maneno.

"Wifi, nilitaka kukuharibia."

"Kaka yako alisema nisikuachie," wifi akajibu, akivua viatu. "Nikamwambia, wivu atanionea, lakini samaki hatawadhuru."

Tangu hapo Bi Usafi aliacha mwani uote, ingawa kila akipita vidole vilimwasha. Jike wake wa kwanza alipotema vifaranga, hakumwambia mkuu kwanza. Alimwita wifi. Wifi akachungulia, akawahesabu kwa kidole.

"Wengi kuliko wangu," akasema.

Haikuwa kweli, na wote wawili walijua. Bi Usafi akaipokea hivyo hivyo.