Jumapili za Mtu wa Kompyuta

Mtu wa kompyuta wa hospitali yetu huhesabu siku kwa vifundo vya vidole. Kabla ya kutuma tarehe za kliniki kwenye simu za wagonjwa, hukunja ngumi na kunong'ona, "Jumamosi, Jumapili, Jumatatu," kisha hurudia kwa mkono wa pili, kama mtu asiyeuamini wa kwanza. Chai yake hupoa bila kuguswa. Mimi mlinzi, dirisha lake linatazamana na geti langu. Wenzake humcheka: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Nyoka mwenyewe namjua. Mtu wa kompyuta aliiagiza mashine kwamba tarehe ikiangukia Jumapili, iisogeze mbele. Akaandika kuwa Jumapili ni siku ya pili, kama sote tulivyofundishwa. Kumbe mashine huanza juma lake Jumapili, na ya pili kwake ni Jumatatu. Ikawasogeza wa Jumatatu, wa Jumapili ikawaacha walivyo. Jumapili moja nilimfungulia geti bibi mmoja mwenye mkongojo, milango yote ya kliniki imefungwa. "Mwanangu, mbona wameniita?"

Kosa lilirekebishwa kesho yake, yapata mwaka sasa. Lakini kila Jumapili asubuhi huja, hana zamu, kandambili miguuni, akaketi kwenye benchi la wagonjwa.

"Shikamoo mzee. Hajaja mtu?"

"Marahaba. Hajaja."

Hutazama barabara mpaka saa nne. Akiondoka huniandikia namba yake ya simu kwenye kikaratasi, ileile aliyoniandikia Jumapili iliyopita.