Goli la Kuhamishwa

Nilitumia wiki tatu kuchagua goli la mpira wa kikapu kwa ajili ya mdogo wangu wa kike, na katika wiki hizo zote sikumfikiria baba hata mara moja. Naliandika hilo mwanzoni kabisa, nisije nikapata mahali pa kujificha huko mbele.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nimerudi Geita kusubiri barua ya kupangiwa kazi. Ilikuwa miaka ile ya foleni na vibali: sabuni kwa foleni, saruji kwa kibali. Tulikaa vyumba viwili vya kupanga, mimi, mdogo wangu na baba. Mama alikwisha kufariki. Baba alikuwa amefanya kazi katika mgodi wa zamani wa dhahabu, chini kabisa, akisukuma toroli za mawe, mpaka mgodi ukafungwa. Mgodi ulifungwa, lakini vumbi lake lilibaki kifuani mwake. Akitoka mlangoni kwenda chooni alisimama mara mbili njiani, akijifanya anatazama mawingu.

Mdogo wangu alikuwa amemaliza kidato cha nne. Alama zake hazikumfikisha cha tano, na kule kwa baba mdogo, vijijini Shinyanga, watu walikuwa wameanza kutaja ng'ombe. Alichokuwa nacho ni mpira wa kikapu. Shuleni aliwashinda wote, na siku ya kuondoka mwalimu wa michezo alimpa mpira mmoja uliokwisha kushonwa mara mbili. Halafu ikaja barua. Shirika moja la umma, mjini Shinyanga, lilikuwa linaunda timu ya wasichana, na watakaofaulu majaribio wangeajiriwa. Ilibaki miezi mitatu. Aliisoma barua ile akiwa amesimama, akaikunja, akasema, "Kaka, nisipopata hii naolewa."

Udhaifu wake ulikuwa mmoja. Katikati ya vurugu alifunga vizuri, lakini akiachwa asimame peke yake, watu wote wametulia wanamtazama, mkono ulimtetemeka. Jambo hilo halina dawa ila kurudia, kila siku, mara nyingi. Kwa hiyo tulihitaji goli nyumbani.

Nilianza kwa mwenye nyumba, mama mmoja wa Kiislamu ambaye wazee wake walitoka pwani wakifuata biashara.

"Ukutani hapana," alisema kabla sijamaliza. "Tofali zenyewe za udongo. Mkipigilia, mvua ya kwanza nalala nje."

"Basi tuchimbie nguzo uani, mama."

"Uani naanika udaga wangu. Utachimba katikati ya riziki yangu, baba?" Alinunua mihogo iliyokwisha kuvundikwa, akaianika kwenye mikeka ua mzima, akaiuza sokoni. "Sikiliza. Saa kumi naanua. Kuanzia hapo uwanja wenu. Ikiadhiniwa magharibi, hicho chuma nisikione, kiingie stoo. Tafuteni kitu cha kuhama."

Kitu cha kuhama. Nililala na maneno hayo. Nilipokuwa darasa la tatu, Shinyanga, goli la chuma la uwanja wa shule lilimwangukia mtoto wa darasa letu aliyekuwa akibembea kwenye mwamba wake. Halikuwa limechimbiwa, lilikuwa limesimamishwa tu. Sitaeleza zaidi. Tangu siku hiyo kitu chochote kirefu kilichosimama bila mizizi nakizunguka kwa mbali. Nikanunua daftari. Nikaandika urefu wa mdogo wangu, upana wa pete, upepo wa mwezi wa nane, na pembe ambayo nguzo ikilala haiwezi tena kurudi.

Goli la kwanza kuliona lilikuwa Ushirombo, kwenye misheni. Bruda mmoja mzee alitufungulia ghala, mimi na mdogo wangu. Lilikuwa limeletwa na padri aliyerudi kwao zamani: nguzo nyembamba ya chuma, ubao ulioliwa na mchwa pembeni, na chini yake sanduku la bati lenye magurudumu mawili. Unajaza mchanga ukitaka kucheza, unamwaga ukitaka kulihamisha.

"Hata bibi yangu analivuta," alisema bruda, akalivuta kweli kwa mkono mmoja mpaka mlangoni.

Bei yake ilikuwa ndogo kuliko zote nilizokuja kusikia. Natamani nisingizie umaskini, lakini siwezi.

Mdogo wangu alitupa mpira mara tano palepale ghalani. Mara ya tano ulipogonga ubao, nguzo iliyumba.

"Umeona?" nilisema.

"Limeyumba tu, kaka. Halina mchanga."

"Na likiwa na mchanga, ukasahau siku moja kuujaza?"

"Nitasahau vipi na mimi ndiye nachezea?" Alinitazama, akaona uso wangu. "Haya. Tukaandike kwenye daftari."

La pili lilikuwa la seremala, miguu mitatu ya mbao. Nililiacha siku hiyohiyo kwa sababu mguu mmoja ulikuwa mfupi. La tatu halikuwepo bado. Lilikuwa kichwani mwa fundi chuma mmoja aliyekaa nyuma ya soko, naye zamani alikuwa mtu wa mgodini. Alisema atachukua tairi la Land Rover, asimike katikati yake kipande cha bomba, ajaze saruji. Nguzo yenye ubao na pete inachomekwa kwenye bomba. Ukimaliza unaichomoa, unalisimamisha tairi, unalibingirisha mpaka stoo.

"Litaanguka?" niliuliza.

"Haliwezi."

"Ongeza saruji."

Akaongeza kwenye hesabu yake. Nikaenda, nikarudi kesho yake na daftari. Nikamwambia aongeze tena, ajaze mpaka kingo za tairi. Fundi aliweka nyundo chini.

"Msomi, unataka goli au unataka kaburi la mzungu?"

"Nataka lisimuue mtu."

"Nikijaza mpaka huku, atalisimamisha nani?"

"Mimi na mdogo wangu."

"Haya. Wenye nguvu zenu."

Alikuwa na saruji yake, sikumwuliza ameitoa wapi. Nilimwachia baiskeli yangu. Lile la misheni lingeniachia baiskeli, lakini nilijisifu moyoni kwamba kwa mara ya kwanza nimechagua usalama nikaacha urahisi.

Na kweli halikuanguka. Nililisukuma kwa bega mbele ya wapangaji wote, halikutikisika. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda chake mlangoni. Aliinuka, akalipigapiga tairi kwa kiganja kama mtu anayekagua ng'ombe.

"Hili ni toroli," alisema. "Toroli lililolala."

Kila alasiri mimi na mdogo wangu tulilisimamisha pamoja, tukalibingirisha mpaka katikati ya ua, tukalilaza. Yeye na mke wa mpangaji wa chumba cha jirani waliinua nguzo na kuichomeka. Halafu alitupa. Alitupa mpaka mwenye nyumba akaanza kuhesabu kwa sauti kutoka jikoni, na akikosa alimzomea, "Hilo la mchumba," maana kila lililokosa, alisema, linamsogeza mchumba hatua moja. Mdogo wangu alicheka, akatupa tena. Mkono ulianza kutulia.

Siku ya tisa barua yangu ikafika. Nilipangiwa kazi ya ugavi wa pembejeo za pamba, kituo cha Runzewe. Niliondoka kesho yake. Nilifikiria kuhusu chandarua, kuhusu mkubwa wangu wa kazi atakuwaje, kuhusu choo cha huko. Kuhusu nani atashika upande wangu wa tairi, sikufikiria.

Nilirudi kuwasalimu zikiwa zimebaki siku kumi na tano kufikia majaribio. Nilifika mchana. Mdogo wangu alikuwa bombani, kwenye foleni ya maji, ambako ndoo mbili zilimweka hadi saa kumi na nusu. Baba alikuwa amelala. Nilitoka uani nikaona matofali matatu yamepangwa kando ya ukuta, moja karibu na stoo, moja katikati ya njia, moja karibu na mikeka ya udaga. Juu ya kila tofali palikuwa na kipande cha gunia, kama kiti.

"Hayo ni ya nini, mama?" nilimuuliza mwenye nyumba.

Aliendelea kugeuza udaga. "Ya baba yako. Vituo vyake."

"Vituo?"

"Analisukuma lile dude kila siku nikishaanua tu, kabla binti hajarudi. Anataka akute limeshalala mahali pake, asipoteze mwanga. Anakaa tofali la kwanza, anakohoa. La pili, anakohoa. Nimemwambia, mzee, liache lilale uani, udaga wangu nitaupitisha pembeni, nimesamehe. Unajua alinijibu nini? Eti makubaliano ni makubaliano." Alinyoosha mgongo. "Jioni nalirudisha mimi na binti, tunaliacha limesimama stoo. Yeye anadhani kila siku mchana kuna wapangaji wanasaidia. Mimi nimekatazwa kusema. Nakwambia wewe uliye mkubwa."

Nilimsubiri baba aamke. Nikamwamkia, akaitika, akaniona ninavyoyatazama matofali.

"Mwenye nyumba ana mdomo," alisema.

"Baba, kifua chako..."

"Nilisukuma toroli mtoto kama wewe hujazaliwa. Hili tairi ni nini?" Alipumzika kidogo kutafuta pumzi. "Anafika na ndoo kichwani, anakuta limelala pale, anacheka. Unataka nikose hicho? Na usimwambie, ng'wanawane, mwanangu. Akijua ataacha, na akiacha wataleta ng'ombe."

Hapa ndipo mtu mwingine angefanya jambo. Angelitoa lile tairi stoo kwa kelele na kuliacha palepale uani, au angemwambia mdogo wangu, au angemlipa kijana mmoja wa jirani. Mimi nilikaa kitandani na daftari. Nikimwambia, ataacha mazoezi na kukosa nafasi. Nisipomwambia, baba anaumia. Nikimlipa mtu, baba atamfukuza. Niliona njia ya nne: lile goli la misheni, jepesi, la magurudumu. Kwa hiyo nikamwahidi baba kunyamaza, na kesho yake nikapanda lori, nikapita Runzewe bila kushuka, nikaenda hadi Ushirombo.

Bruda alinikumbuka. "Ungewahi wiki mbili," alisema, akanionyesha zizi. Sanduku la bati walikuwa wamelifanya hori la kunyweshea ng'ombe.

Nilirudi kazini. Nilijiambia ni siku kumi na tatu tu.

Siku ya kumi na moja dereva wa lori la pamba alishuka dirishani pangu, akavua kofia. Mdogo wangu alikuwa amerudi na ndoo akamkuta baba amekaa kwenye tofali la tatu, mgongo ukutani. Tairi lilikuwa limelala mahali pake katikati ya ua. Alidhani amesinzia, akamsemesha, akamtania, akaenda kutua maji, aliporudi ndipo akajua.

Tulimzika kesho yake. Keshokutwa yake ndiyo ilikuwa siku ya majaribio, na basi la Shinyanga liliondoka saa kumi na mbili asubuhi ya siku iliyotangulia, yaani asubuhi iliyofuata maziko. Jioni ile ukumbi wetu mdogo ulijaa watu. Mdogo wangu alikuwa kwenye mkeka, ameinamisha kichwa.

Mwenye nyumba ndiye aliyeanza. "Binti aende. Mimi nitakalia mkeka wake."

"Binti wa marehemu hatoki matanga hayajaisha, hajanyolewa," alisema baba mdogo. Hakuwa na ubaya. Alisema kama mtu anayeeleza njia. "Watu watasema alimzika baba yake akaenda kucheza mpira."

"Watasema, halafu?"

"Halafu sisi ndio tutaishi nao, mama, si wewe." Akanigeukia. "Lakini sasa baba yake ni wewe hapa. Wewe ndiye mkubwa, tena umesoma. Sema, tutafuata."

Wote walinitazama. Mdogo wangu naye aliinua kichwa. Sijawahi kutazamwa vile. Nilimfikiria baba na makubaliano yake. Nilifikiria maneno ya watu. Nilifikiria kwamba mkono wake, baada ya maziko, lazima ungetetemeka, na angekosa nafasi na heshima kwa pamoja. Kila nilichokishika kilikuwa na upande wa pili.

"Nipeni hadi asubuhi," nilisema.

"Asubuhi saa ngapi, kaka?" aliuliza mdogo wangu.

"Asubuhi."

Kulipopambazuka nilikuwa bado nimekaa na majibu mawili. Tulisikia honi ya basi kutoka stendi, mara moja, halafu tena. Mdogo wangu alikuwa amefunga kitambulisho cha shule na barua kwenye pindo la kanga. Alifungua lile fundo, akaviweka juu ya daftari langu. Mchana wakamnyoa.

Matanga yalipoisha baba mdogo aliondoka, akisema atarudi baada ya mavuno na watu fulani. Sikumuuliza watu gani. Ndugu walipokwisha kutawanyika nilitoka uani. Tairi lilikuwa palepale alipolilaza, hakuna aliyeligusa, udaga ulikuwa umepangwa kulizunguka. Nikasema nilirudishe stoo.

Kulisimamisha kulinichukua mara nne. Nilipofika kwenye tofali la tatu nililiegemeza ukutani, nikakaa juu ya gunia. Nilikaa la katikati pia. Nilikaa na la mwisho, hatua sita kutoka mlango wa stoo, mapafu yangu ya miaka ishirini na mitano yakipuliza kama mivukuto, na gunia lile bado lina umbo la aliyelikalia.

Mdogo wangu alikuwa amesimama mlangoni na ndoo tupu, kichwa kimenyolewa. Sikujua amesimama hapo tangu lini. Alitazama tofali nililokalia, akatazama yale mengine mawili, akaelewa.

"Ulijua," alisema.

"Nilikuwa natafuta njia."

Aliweka ndoo chini, akaja, akashika upande wa pili wa tairi kama tulivyokuwa tukifanya mwanzoni, tukaliingiza stoo. Halafu akachukua ndoo yake, akaenda bombani.